Mzigo Uleule Mara Kumi na Mbili

Jumatano, kambini Ntalikwa

Sifuti. Nimemwambia hivyo msimamizi usoni.

Tangu niumie mguu sichimbii tena vigingi vya kuonyesha barabara itakapopita, nimewekwa kwenye kompyuta ya ramani. Leo diski imejaa. "Futa ramani zote za zamani," akasema, "bakiza ya mwisho tu." Hiyo ya mwisho ina mstari mpya wa barabara aliousogeza mwenyewe, na kwa mstari huo vigingi vyetu vinaonekana vimekosewa. Vibarua sita tutafukuzwa kwa kosa lisilo letu.

Shabani, Mnyamwezi ninayelala naye hema moja, alichungulia akacheka. "Mmakonde, babu zangu walibeba pembe mpaka Bagamoyo, lakini hakuna mpagazi aliyebeba mzigo uleule mara kumi na mbili!"

Kweli. Kila ramani ilikuwa na nakala yake ya picha zilezile kubwa zilizopigwa kutoka angani. Nikaiagiza programu ibakize nakala moja tu ya kila picha, na ramani zote kumi na mbili ziitumie hiyo. Mimi niliishia darasa la sita. Niliogopa nimeharibu kila kitu, mpaka nilipofungua ramani ya kwanza. Mstari wa zamani unapita juu ya vigingi vyetu, palepale.

Nusu ya diski ikawa tupu.

"Nafasi ipo, bosi," nikamwambia msimamizi. "Kuna sababu nyingine ya kufuta?"

Akageuka, akatoka.

Huenda kesho akanirudisha nyumbani Newala. Sawa. Lakini atanifukuza ramani zote kumi na mbili zikiwa zipo.