Kitambaa Ulichotuma Ndicho Kilichoshonwa

Studio ya Deo Picha,
Nyuma ya soko, Kambarage,
Shinyanga.
22 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Euphrasia,

Shikamoo. Na kama barua hii imekufikia asubuhi, mwangaluka pia, usije ukasahau Kisukuma huko Lubumbashi. Baba Juliana hajambo? Na miguu yako, bado inavimba jioni? Sisi huku wazima. Mama mzima, mpunga umeshaingia ndani. Goodness na mumewe wako Nyahanga, Kahama, na bibi harusi wetu ameanza kunenepa.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na za mama hupokei. Boaz wa malori atakuletea barua hii pamoja na flashi. Tafadhali soma barua kwanza. Ukianza na flashi utalia, na barua hutaisoma tena.

Shangazi, nimeshinda. Kitambaa ulichotuma cha rangi ya damu ya mzee ndicho Mama Noela alichowashonea wanawake wote wa ukoo sare ya harusi. Hakukiuza, hakukibadilisha. Kosa lilikuwa ndani ya kompyuta yangu, na nimelikamata kwa mikono yangu miwili.

Unakumbuka nilikutumia kipande cha video, akina mama wakicheza ukumbini. Wewe ukaona nguo zina rangi ya tofali, ukasema Mama Noela amekufanyia uhuni. Mama alipokutumia picha ya gauni lake, ukasema, “Hilo moja ndilo mlilolishona kwa kitambaa changu ili mnifunge macho.” Ukaapa hutakanyaga kwetu maadamu Mama Noela anaingia mlango huo. Rafiki yako tangu shule Ushirombo, aliyekushonea hata gauni lako la harusi. Tangu siku hiyo amekuwa akizunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya nyumba yetu. Iliniuma sana, kwa sababu video ni yangu.

Nilianza kwa kuilaumu simu, maana simu hubana video hadi inachakaa. Nikalitazama faili zima kwenye runinga, tofali ileile. Nikailaumu runinga, nikaazima nyingine kwa Liaquat wa duka la vifaa vya umeme, tofali ileile. Mwenzangu Paschal akanishauri nipake tu wekundu juu ya magauni, yaishe. Nilikataa. Nikipaka rangi kwa kubahatisha, utakuwa na haki ya kusema nimeghushi, na mimi nilitaka ukweli wenyewe.

Basi Jumapili moja mama akaomba kuona sehemu ya kanisani, anapenda kujiona akiwasha mshumaa. Pale mshumaa ulimdondoshea nta kwenye mkono wa gauni. Nikatazama: gauni ni damu ya mzee, limekolea vizuri. Nikaruka hadi ukumbini. Mkono uleule, tone la nta lilelile, ila gauni ni tofali. Labda utasema mama alibadilisha nguo njiani na kujidondoshea nta palepale. Nilicheka peke yangu hadi mama akaniuliza kama nimekula.

Kanisani nilipiga kwa kamera yangu. Ukumbini nilitumia kamera ya kukodi kutoka Mwanza. Hiyo kamera hurekodi picha iliyopauka makusudi, ili fundi airudishe baadaye kwa kanuni ya kamera hiyohiyo. Sasa programu ya kusahihisha rangi lazima uiambie kila picha imetoka kamera gani. Yangu ilikuwa imeambiwa kwamba harusi nzima ni kamera yangu. Kwa hiyo ikasoma ukumbi kwa kanuni ya kanisani, na nilipoona watu wamepauka, nikawaongezea rangi kwa mkono mpaka nyuso zikakaa sawa. Nyuso zilipona, keki ikawa nyeupe. Wekundu ndio ulioharibika, na wekundu ndio kitambaa chako.

Nilifuta marekebisho yote ya mkono. Nikaiambia programu ukweli kuhusu picha za ukumbini, nikabonyeza. Shangazi, ukumbi mzima ulirudi mara moja, magauni yote, kama vile mtu amefungua dirisha. Nilipiga meza, chai ikamwagika, sikujali.

Lakini sikutaka kuamini macho yangu peke yake. Nikawaomba akina mama wote waje nyumbani wakiwa wamevaa sare zao. Mama mwenyewe akaenda kumleta Mama Noela, akamshika mkono njia nzima. Nikawasha runinga. Mama Noela akatoa kipande kilichobaki cha kitambaa chako, akakibandika kwenye kioo, juu ya gauni la mama. Usingeweza kuona kinaishia wapi. Vigelegele vilivyopigwa, majirani walidhani tunaozesha tena. Mama Noela alikaa tu kwenye kochi akajifuta macho, akanishukuru, “Wabeja, mwanangu. Sasa nitapita mbele ya nyumba.”

Hayo yote nimeyarekodi kwa kamera yangu, yamo kwenye flashi: akina mama wamesimama kando ya runinga inayowaonyesha wao wenyewe, rangi moja. Hesabu magauni kama una shaka.

Wote wanakusalimu. Goodness anakubusu. Jirani yetu Vaileth anasema umemkumbuka au la? Paschal pia, ingawa kwa ushauri wake sikumshukuru. Mungu akulinde, aiponye miguu yako, na akufungulie njia ya huku.

Nimebakiza moja. Katika zile sare kulikuwa na yako. Mama Noela aliishona kabla ya harusi kwa vipimo vyako vya zamani, na muda wote huu uliokuwa ukimtukana imekuwa ikining'inia nyuma ya mlango wake, imefunikwa kanga. Nilitaka kumpa Boaz akuletee, Mama Noela akanikatalia. Anasema atakuvalisha mwenyewe. Kiunoni ameacha mshono mpana, kwa sababu hajui ugali wa Lubumbashi umekunenepesha kiasi gani.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na ninayekungoja,
Deogratias