Gigabaiti Nane za Kwaya

Segese,
Jumanne, 10 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Theonest,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Shinyanga, na wifi Lusia na watoto hawajambo. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, na duka langu la kutengeneza kompyuta lina wateja, ila juzi nusura nilifunge kwa aibu.

Mama Apolonia, katibu wa kwaya ya kanisani, aliniletea kompyuta wanayorekodia nyimbo. Ilikuwa nzito mno kufanya kazi, nikaiongezea memori ifike gigabaiti nane. Jumapili baada ya ibada nikaona kwaya nzima mlangoni, wamevaa sare. Mama Apolonia akasema kompyuta inaonyesha saba nukta tatu, kwa hiyo iliyobaki nimeinyofoa. Nikafungua mashine, nikawaonyesha vipande viwili vya memori, kila kimoja kimeandikwa nne. Akajibu kwamba maandishi hubandikwa na mtu, ila mashine haina sababu ya kusema uongo. Wapita njia wakaanza kusimama.

Nikaiwasha upya, tukasoma pamoja ile mistari ya mwanzo inayopita mbio, ambayo hata mimi sikuwahi kuisoma kwa makini. Kumbe mashine ikiwaka, kiini cha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza, hupewa ramani ya memori yote. Sehemu imeshatengwa kwa ajili ya picha za kwenye kioo, na nyingine kiini chenyewe kinakaa humo. Kinachobaki cha kugawia programu ndicho kiini hukiita jumla. Niliwaeleza hivyo, hawakuamini. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, nikapunguza fungu la kioo, nikaiwasha tena bila kugusa bisibisi. Jumla ikasoma saba nukta saba! Mama Apolonia akapiga kigelegele, akawageukia wenzake: "Haya, mwombeni radhi huyu binti." Wakaniomba radhi kwa wimbo mzima, sauti zote nne, hadi wauza nyanya wa jirani wakacheza.

Walipoondoka, nililia. Kaka, nina jambo la kukiri. Ile kompyuta uliyonipa nilipomaliza chuo, uliniambia ina nane, nami nikasoma saba nukta sita. Niliamini umeichezea kabla ya kunipa. Sikukuuliza. Nilimwambia mama, ndiyo maana Krismasi ile alikununia bila wewe kujua kosa lako. Na ulipotaka tufungue duka pamoja, nikakudanganya kwamba nimeshapata mwenza. Sikuwa na mwenza yeyote. Miaka mitatu nimekuona mwizi wa kitu ambacho hukukigusa.

Nisamehe, kaka. Mama nimeshampigia simu. Alicheka, kisha akasema nikuandikie mwenyewe. Kazi huku zinanizidi. Nimenunua meza ya pili, nimeiweka upande usiopigwa jua, na sijamruhusu mtu yeyote kuikalia. Njoo.

Wifi mwambie namkumbuka sana, na watoto wapokee salamu za shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Asteria