Kaniki ya Mama na Magofu ya Mikindani

Katindiuka, Ifakara
5 Novemba 1955

Mwanangu Hilari,

Hujambo? Mimi nina afya, ila hasira zinanimaliza. Barua yako imefika, kurasa nzima za bahari, kilima na magofu ya watu wa kale. Shangazi yako hayumo hata kwa jina! Nilikutuma Mikindani umlete Apolonia aje anivue kaniki ya msiba wa baba yako, au nilikutuma kutembea? Unaijua desturi ya ukoo wenu: mjane hakanyagi shamba mpaka dada wa marehemu amvue. Wenzangu wanalima, mimi nakaa mlangoni natazama magugu. Mnaondoka lini?

Mama yako.

Mikindani
27 Novemba 1955

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi na shangazi tu wazima. Usinikasirikie. Kila nikitaja safari, shangazi anajifunga kanga na kusema, "Twende kwanza kilimani." Tunapanda mpaka kwenye magofu. Kuta za mawe zimebomoka, mizizi ya miti imezishikilia, na chini unaiona bahari yote na minazi mpaka ufukweni. Ni pazuri, Mama, siwezi kukudanganya. Yeye hukaa juu ya ukuta mmoja, ule ule kila siku. Nikiuliza tena habari ya safari, anasema, "Kesho."

Mwanao.

Katindiuka
15 Desemba 1955

Hilari,

Salamu zako nimezipokea. Kesho! Kesho gani hiyo isiyofika? Mvua imeanza, ukuta wa jikoni umeanguka. Ukitaka magofu, njoo uyatazame haya ya kwetu, tena hayana kupanda kilima. Nisipopanda mpunga sasa, mwakani tutakula nini? Mwulize shangazi yako waziwazi nimemkosea nini.

Mama yako, aliyechoka.

Mikindani
3 Januari 1956

Mama,

Shikamoo, na pole kwa ukuta. Nimemwuliza, kule kule juu. Alilia mpaka nikaogopa. Hukumkosea, Mama. Baba alipokuja kumtembelea zamani, walikaa juu ya ukuta ule wakila korosho na kucheka. Anasema hakumwona akizikwa. Maadamu yeye yuko huku Mikindani, kwake ni kama kaka yake bado yuko huko kwetu bondeni analima. "Siku nitakayomvua mama yako kaniki," amesema, "ndiyo siku kaka yangu atakuwa amekufa." Nifanye nini?

Mwanao.

Katindiuka
22 Januari 1956

Mwanangu Hilari,

Hujambo? Msomee shangazi yako maneno haya, pale pale ukutani.

Wifi Apolonia, pole. Nimekulaumu bure. Mimi ndiye niliyemfumba kaka yako macho, lakini hata mimi nikisikia jembe asubuhi nageuka kutazama kama ni yeye. Shamba nimemwachia jirani yetu Pantaleo alime mwaka huu, sisi tutakula mihogo. Kaniki hii haivuliwi na mtu mwingine, wala sitaivua mwenyewe. Njoo tumlilie kwanza, wewe na mimi, hata kama ni mwezi mzima. Mengine yatafuata.

Na wewe Hilari, lete korosho. Akisema tena kesho, mbebe.

Mama yako.