Lebo za Baba Nilizozichana

Nyumbani, mezani jikoni
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka Mrefu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua au bado unalala na soksi? Wifi yangu na watoto hawajambo? Huku tu wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na ukimuuliza hali anasema anashukuru Mungu, kisha anageukia ukutani. Mgongo wangu ni ule ule, usinicheke.

Leo wiki ya sita tangu tumzike Baba. Kwenye simu nilikwambia alikwenda kwa amani, na sikukudanganya. Lakini kuna jambo nimelimeza, na kila nikitaka kulisema kwenye simu naishia kuuliza habari za watoto. Nimeona afadhali kalamu.

Wewe uliondoka kabla sijaajiriwa kuwa msaidizi wake katika kile chumba cha mimea iliyokaushwa. Makabati ya chuma mpaka darini, dawa ya wadudu inayowasha pua, na Baba katikati na miwani yake miwili. Alipenda kuliko yote ile mimea midogo yenye majani manono inayoota kwenye nyufa za mawe. Mibishi hiyo! Unaibana kwenye magazeti wiki mbili, ukifunua unakuta imechipua. Ilibidi tuichovye kwanza kwenye maji ya moto.

Kuna ndugu wawili humo ambao hata wasomi wanawachanganya. Sisi tuliwaita Mkali na Mpole. Maua yao yote ya njano, wote wafupi, wote wanatambaa. Mkali ana majani mafupi yaliyovimba, yamebanana. Mpole majani yake ni membamba kidogo, yamejipanga safu sita kuzunguka kishina. Ukikosa uhakika, unatafuna jani moja bichi na kuhesabu mpaka kumi. Mkali atakuchoma ulimi kama pilipili. Mpole ni majani tu. Miaka miwili ya mwanzo nilikosea mpaka Baba akaniuliza kama ulimi wangu ni wa mbao.

Mwaka jana macho yake yakaingia ukungu, akabaki kutegemea ulimi. Halafu zikaja zile dawa za hospitali, zikamwondolea ladha. Chai yenye sukari na isiyo na sukari kwake vilikuwa kitu kimoja. Hakusema, nami nikajitia hamnazo. Aliendelea kutafuna, kuhesabu mpaka kumi na kuandika lebo zake kwa herufi kubwa zinazopanda mlima. Nikaanza kuona Mkali ameandikwa Mpole, na Mpole ameandikwa Mkali.

Kaka, kazi ile ina sheria moja ambayo Baba aliniambia kabla hata ya kunionyesha choo kilipo. Lebo ya mwenzako haitolewi, hata iwe na kosa. Unabandika yako chini yake, unaandika unavyoona wewe, jina lako na tarehe. Kosa linabaki na sahihisho linabaki, wa baadaye waone yote mawili.

Mimi niliona haya kumsahihisha baba yangu. Nikazichana lebo zake, nikaandika mpya kwa kuiga mwandiko wake, ndipo nikampelekea Mama Gundi. Huyu ndiye mama anayebandika mimea na lebo kwenye karatasi ngumu. Majani hayajui, anajua gundi. Nilichana thelathini na moja, na nikajiona binti mwema.

Juzi Mama Gundi alinishika mkono pale sinki.

"Mwanangu, kila Ijumaa mzee alikuwa ananiuliza, 'Hebu nitazamie, chini ya lebo zangu kuna lebo ya binti yangu?' Namwambia hakuna. Ijumaa ya mwisho akasema, 'Basi bado hajawajua Mkali na Mpole. Nimemfundisha vibaya.'"

Kumbe alijua ulimi wake umekufa! Alikuwa anabahatisha makusudi, akingoja nimrekebishe, apate kuniachia chumba kwa moyo mweupe. Utauliza mbona hakuniambia. Unatujua wewe, kwetu sisi mtu hufa na aibu ya mwenzake mdomoni. Mimi nilikuwa namfichia aibu, yeye anaona sijui kitu. Nilijua, Kaka! Nilijua zote thelathini na moja.

Jana nilikwenda kwa mkuu wetu wa kazi nikakiri. Hakunifukuza. Aliniambia niandike kwenye kila karatasi kwamba lebo ya kwanza ilitolewa na mimi, na kwa nini. Nimeandika mpaka vidole vikafa ganzi. Za kwake sina hata moja ya kurudisha, zilikwenda na takataka. Ndiyo yalikuwa maandishi yake ya mwisho.

Mama hajui, na tafadhali usimwambie.

Msalimie sana wifi, umkumbatie yule mtundu wako mkubwa, na yule wa mwisho umpe busu la shangazi. Mama anakusalimu, na jirani fundi cherehani anauliza kama lile koti bado linakutosha. Mungu akufunike popote unapolala.

Ukijibu, usiniandikie kwamba Baba amenisamehe. Niandikie tu kwamba umesoma.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Kijino