Taa Iliyoacha Kumwona Mwaitu

Mumbua,

Nina hasira na wewe, na ni heri nikuambie hilo kwanza kabla sijaanza kulia na kuharibu karatasi. Mtu haendi hivyo. Mtu hapigi simu Jumapili akicheka, "Kasyoka, nimepata dawa ya joto, wewe kuja tu uone," halafu kabla ya wiki kuisha anakuwa mtu wa kusimuliwa. Nilikuwa Kitui mjini nafunga stima kwenye jengo la wenyewe. Nilikuambia nitakuja mwisho wa mwezi. Homa gani hiyo isiyoweza kungoja rafiki?

Mwaitu, mama yako, yuko. Nasema yuko kwa sababu kuna wiki ambazo sikuwa na hakika. Baada ya mazishi yako sikurudi Kitui. Nilibaki hapa kwenu Kibwezi, kwenye chumba chako, kwenye godoro lako lenye shimo upande wa ukuta, maana nilimwangalia nikaona siwezi kumwacha peke yake.

Wacha nikueleze mambo ya taa, maana ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka ilivyoanza. Macho ya Mwaitu yalikuwa yameanza kufifia, na korido ya nyumba yenu haina dirisha, ni giza hata saa sita mchana. Akawa anapapasa ukuta akitafuta swichi, akaanguka na sufuria ya uji. Ukaapa mama yako hatapapasa ukuta tena. Tukaenda Sultan Hamud tukanunua taa yenye sensa, lile jicho dogo jeupe la plastiki linalowasha taa lenyewe mtu akipita. Siku hiyohiyo ukaivunja, ukatoa jicho na balbu, ukavipachika kwenye kiondo alichokisuka Mwaitu mwenyewe, ukakitundika darini kichwa chini. Mwaitu alilalamika kwamba kiondo kilichopinduliwa kinamwaga baraka za nyumba. Lakini ilipowaka, mwanga ukapenya kwenye vitundu vya mkonge na ukuta mzima ukajaa madoa madogo, akasahau malalamiko yake. Alipita na kurudi, akapita na kurudi, bila shughuli yoyote, akicheka kama msichana.

Kisha joto likaja. Asubuhi taa inawaka vizuri, mchana inakataa. Tulimrudia mwenye duka na maneno yetu makali, maskini wa watu, akatupa nyingine, nayo ikafanya vilevile. Ni wewe uliyegundua shida, umekaa chini kwenye korido shavu limelala ukutani. "Huu ukuta uko moto kama mimi, bana," ulisema. Jicho lile halioni sura wala nguo. Linaona joto la mwili linapopita mbele ya kitu kilichopoa. Sasa Kibwezi mchana, mabati yakishachemka, mtu na ukuta ni kitu kimoja. Walioliunda hawakufikiria kwamba kuna watu wanaishi Kibwezi. Tulicheka mpaka Mwaitu akaja kuuliza ni nini. Mimi nikaenda Kitui kutafuta riziki, wewe ukabaki kutafuta dawa.

Na ulipoipata hukuniambia ni nini. Ulitaka nije nione kwa macho yangu. Tabia yako hiyo ya kuficha kitu kizuri ili umwone mtu akishangaa ilikuwa inaniudhi sana, Mumbua. Siku hizi ndiyo inayoniliza.

Wageni wa mazishi walipokwisha kwenda, mchana mmoja nilimkuta Mwaitu amesimama gizani chini ya kile kiondo, ameinua mkono, anaupunga polepole. "Hainioni," akaniambia. Nikamwambia ni joto tu. Akakataa. Akasema Mumbua alishaitengeneza, ilikuwa inamwona hata jua likiwa kali namna gani. Sasa inamwona asubuhi, mchana haimwoni. "Asubuhi niko, mchana siko," alisema. "Na mimi naisha pole pole."

Hakuwa anatania. Aliacha kabisa kupita kwenye korido. Nilimpelekea chakula sebuleni, akakigusa kidogo na kukisukuma kando. Mkonge wake ukabaki kwenye kona bila kuguswa. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba naye, akawaitikia vizuri, akawashukuru, na walipotoka akaniuliza kama walimwona kweli ama walikuwa wanajifanya. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba. Nilikuhitaji sana siku hiyo. Sikuhitaji mtu mwingine yeyote.

Basi nikafungua taa yako. Niliisaka dawa hiyo yako humo ndani, sikuona kitu. Jicho ni lilelile la dukani, waya ni zilezile. Nikaligeuza huku na huku, nikaliongeza nguvu, nikatoboa dari hewa ipite. Wapi! Mwishowe nikanunua swichi ya kamba, ya kuvuta. Kama ningeifunga, Mwaitu angepata mwanga, lakini angejua kwamba hata mimi nimekubali haonekani tena. Na kazi yako ya mwisho ningekuwa nimeizika kwa mikono yangu, baada ya kukuzika wewe.

Hata hivyo nilikuwa nimeshapanda ngazi kuifunga, bisibisi mkononi, tochi nimeibana kwapani, ndipo mwanga wake ukaangukia sakafu kule mwisho wa korido. Kulikuwa na alama ya duara kwenye simiti, nyeupe kandokando, kama inavyoachwa na haya maji yetu ya chumvi yakikauka. Nikamuuliza Mwaitu ni ya nini.

"Si mtungi wangu ulikuwa hapo," akasema. "Mumbua aliutoa jikoni akaniambia nisiuguse, niujaze tu maji. Wamama waliupeleka kwa hema siku ya matanga, watu wakunywe."

Niliketi palepale juu ya ngazi. Mtungi wa udongo, Mumbua! Ukiwa na maji unatoka jasho na kubaki baridi hata mabati yakilia kwa jua. Uliuweka mbele ya jicho, ili mtu akipita katikati joto lake lionekane. Dawa haikuwa ndani ya taa hata kidogo. Ilikuwa mtungi wa mama yako, na sisi tuliutoa nje tukaunywa kwenye mazishi yako. Na mimi nilikunywa. Yalikuwa maji matamu, ya baridi.

Tuliukuta nyuma ya jiko, kuku ametagia ndani. Niliuosha, nikaujaza, nikaurudisha juu ya alama yake. Kesho yake mchana, joto likiwa limekomaa na mtungi umelowa mwili mzima, nikamwita Mwaitu. Hakutaka. Nikanyoosha mkono nimwongoze, akaukataa. "Ukinishika itakuona wewe." Akapita peke yake, miguu ikiburuta, kichwa ameinamisha kama mtu anayengoja kukemewa.

Ikawaka.

"Mumbua ameniona," akasema.

Nilidhani shida imekwisha, kumbe imegeuka tu. Alileta kigoda akakaa pale mchana kutwa. Akitulia taa inazima, anainua mkono inawaka, anaongea na wewe. Alikusimulia habari za mbuzi, za kanisa, za mguu wake. Chakula akataka aletewe hapo. Nilimwacha siku kadhaa kwa sababu nilimwonea huruma, na kwa sababu, niseme tu ukweli, hata mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikisikiliza kama utajibu. Halafu nikaona nitawapoteza nyote wawili, wewe na yeye. Nikachuchumaa karibu naye nikamweleza yote: jicho, joto, ukuta, mtungi. Nikamwambia taa haimjui mtu, inajua joto la aliye hai.

Aliweka kiganja chake juu ya mtungi. Kisha akaniuliza, "Siku ile mlimpitisha hapa, iliwaka. Nikasema moyoni imemjua. Ilikuwa inamwakia nani?"

Nilikuwa nyuma ya jeneza lako asubuhi hiyo. Niliiona ikiwaka, na mimi, fundi mzima, nilifikiri imekutambua.

"Basi ni wale walikuwa wamembeba," Mwaitu akajijibu mwenyewe.

Ndipo akalia. Hakuwa amelia mochari wala kaburini, watu walimsifu kwamba ana nguvu. Alilia kwa sauti, akakuita kwa jina lako la utotoni, akashika shingo yangu tukaanguka pamoja kutoka kwenye kile kigoda hadi sakafuni. Na muda wote huo taa haikuzima, Mumbua, kwa sababu mabega yetu hayakutulia.

Siku hizi Mwaitu anakula. Si sana, lakini anakula. Kigoda amekirudisha jikoni mwenyewe. Ameanza kiondo kingine, hajasema ni cha nini na sijamuuliza. Mtu mmoja wa Tseikuru amesikia habari, anataka shangazi yake afungiwe taa kama hiyo. Nitaenda, na nitawaambia ni taa ya nani.

Swichi ile sitaifunga. Lala salama, rafiki yangu, mimi nitakuwa namjazia Mwaitu mtungi kila asubuhi. Na mchana akipita kwenye korido, nitaacha ninachofanya nisikilize miguu yake mpaka ifike upande wa pili.

Wako,
Kasyoka