Maharage Yako Kitandani

Mama Petronila,

Ukirudi shambani usijitupe kitandani. Maharage yote yako pale, juu ya mkeka. Funga mlango, kuku wasiingie. Uji uko jikoni, ~~nimekuachia mwingi~~ nimeunywa karibu wote.

Ni hivi. Asubuhi ulivipanga vikapu vya kikundi chenu mezani, vikapendeza, kisha ukavijaza maharage mpaka pomoni. Ukasema, "Mgeni haonyeshwi kikapu kitupu!" Hatibu mpiga picha akavipiga hivyo hivyo, ukachukua jembe ukaenda zako. Mimi niliwahi kumpanga kiboko wa mto Ruvubu akatulia mbele ya kamera, lakini wewe umenishinda.

Ulipoondoka, Hatibu akakuna kichwa. "Mzee, kamati ya maonyesho ya Sabasaba inachagua vikundi kwa picha tu. Hapa watadhani kina mama wa Mabawe wanauza maharage."

Nikatazama. Yale mapambo meusi uliyoyasuka miezi mitatu, hakuna hata moja lililoonekana. Na mkanda wa kamera ulikuwa umebakiwa na picha moja. Basi nikamwaga maharage, tukaviinamisha vikapu, mapambo ya ndani yakatokeza, akapiga.

Sasa naenda naye mjini akazisafishe picha, niipeleke moja ofisini kwa kamati mwenyewe, maana leo ndiyo siku ya mwisho. ~~Nitapeleka ile yako.~~ Nitapeleka ile ya vikapu vitupu. Nuna utakavyo, ila nibakizie chakula.

Mkikosa nafasi, waambie wenzako mimi ndiye niliyemwaga maharage. Mkiipata, sema ulinituma.

Mumeo,
Baba Petronila