Bandari ya Vaulmery

Vaulmery,
Alhamisi, 2 Aprili 1789.

Shemeji yangu mpendwa Anselme,

Nakusalimu sana, wewe na wote waliomo nyumbani mwako. U hali gani huko Kanada? Mkeo Josephte anaendeleaje na kifua chake? Na watoto, wamefika urefu gani sasa? Mimi ni mzima, ila vidole hukakamaa asubuhi mpaka nivipashe moto jikoni. Mbuzi amezaa pacha. Theluji imekwisha bondeni.

Sijui kama barua yangu ya Januari ilikufikia, maana theluji iliziba njia na tarishi hakuonekana kwa wiki tano. Kama haikufika, nisamehe, basi ndiyo hii inayokuletea msiba. Kaka yako Honorat, mume wangu, hatunaye tena. Alipanda mnara wa kanisa kupiga kengele katika upepo mkali, akashuka na homa ya mapafu, na siku ya nne akatutoka. Tulimlaza karibu na mama yenu. Ardhi ilikuwa ngumu hata Colas, fundi magurudumu, akaichimba kwa shoka.

Nisingependa kukuficha alivyosema siku ya mwisho. Aliniambia, "Mathurine, miaka thelathini na moja nimewafundisha kusoma. Kuuliza hawakujifunza." Kisha akageukia ukutani. Maneno hayo yamenikalia moyoni kuliko kifo chenyewe.

Unalijua swali lake. Mtoto akisimama darasani na kusema jambo, Honorat humuuliza, "Umejuaje?" Akijibu kwamba imeandikwa, huulizwa tena, "Na aliyeandika, alijuaje?" Wewe ulimwambia kwamba Kanada, mito ikiganda, watu hutembea juu yake, naye akakuuliza umejuaje, nawe ukaenda kutazama. Alikuwa akicheka na kusema swali lake mwenyewe ndilo lililomnyang'anya mdogo wake. Kijiji kizima kilimdhihaki. Colas ndiye aliyempa jina la Mwalimu Umejuaje, na akamwita hivyo hadi mlangoni pa kanisa.

Kile kitabu alichonunua kwa mchuuzi unakikumbuka? Kilikuwa kimeshonewa jalada la kitabu cha sala, maana vya namna ile vilipigwa marufuku. Baada ya wewe kuondoka alikuwa akikisoma kwa sauti Jumapili mchana katika karakana ya Colas. Hadithi yenyewe ni ya mfua nguo mmoja anayemwandikia bwana wake barua na kumshinda kwa hoja. Perrine, mjane wa msaga nafaka, aliacha kusokota akasema, "Mimi nilidhani vitabu ni vya wafalme na watakatifu. Huyu ana mikono kama yangu, na akili anamzidi bwana wake." Honorat alifurahi juma zima. Alisema mtu akishajiona ndani ya kitabu, hakubali tena kuambiwa kwamba hana akili.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nichukue kalamu. Mfalme ameagiza kila parokia iandike malalamiko yake. Basi Jumapili ya tarehe kumi na tano Machi tuliitwa kanisani baada ya misa. Nami nilikuwamo, kwa kuwa sasa jiko letu, yaani kaya yetu, limeandikwa kwa jina langu katika daftari la kodi. Aliyesimamia ni Thévenard, karani wa bwana mkubwa wa kasri. Alikuja na waraka uliokwisha kuandikwa mjini, kwa mwandiko mzuri, akasema kazi yetu ni kutia sahihi tu, kisha kila mtu akale.

Akausoma haraka haraka. Watu walisikiliza vichwa chini kama wanavyosikiliza Kilatini. Hakukuwa na neno juu ya njiwa wa bwana mkubwa wanaokula mbegu zetu, wala juu ya kulazimishwa kuoka mikate yetu katika tanuri lake. Nikawaza, Honorat, ulisema kweli. Nikaona kalamu inapelekwa kwa Colas, mkubwa wetu, atie sahihi ya kwanza, na fungu la saba ndilo lililokuwa likisomwa, "Tunalalamikia ushuru wa meli zinazotia nanga katika bandari yetu."

Colas aliishika kalamu, akaitazama, akairudisha mezani.

"Bwana karani," akasema, "samahani. Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba tuna bandari."

"Imeandikwa hapa, mzee."

"Na aliyeandika, alijuaje?"

Anselme, vichwa vyote viliinuka. Kisha Perrine akasema kutoka nyuma, "Labda amesikia habari za bata wangu bwawani. Wanatia nanga kila jioni." Watu wakacheka, hata padri akajifuta macho kwa kanzu. Mimi nilicheka huku nalia, maana nililisikia swali la mume wangu katika kinywa cha yule aliyelifanyia mzaha miaka yote.

Thévenard akakasirika. Akasema parokia kumi na nne zimekwisha kutia sahihi waraka uleule bila maswali, nasi tusijifanye wanafalsafa. Colas akamjibu, "Hatujifanyi, bwana. Tunauliza tu. Tuandikie za kwetu: njiwa, tanuri, ushuru wa chumvi." Karani akafunga kisanduku chake cha wino. "Basi andikeni wenyewe," akasema, "kama yupo anayeweza." Alijua kwamba mwandiko wa kijiji hiki umelala makaburini.

Colas akageuka akanitazama. "Mama Mwalimu, njoo ukae."

Unajua kwamba wavulana wetu wakishaweza kuandika majina yao hurudi shambani, na wasichana hufundishwa kusoma tu, si kuandika. Honorat alinifundisha mwenyewe baada ya arusi, mkono wake juu ya wangu, akinitania kwamba herufi zangu zina mikia mirefu kama ya panya. Nilikaa, na mikia ile ikatoka mirefu kuliko siku zote. Walisema, nami nikaandika. Kila mtu alipotaja jambo wengine walimuuliza umejuaje, naye akaeleza kwa magunia ya mbegu, au kwa mkate ulioungua. Tulimaliza mafungu kumi na moja. Meli haimo hata moja.

La mwisho nililiomba mimi: wasichana nao wafundishwe kuandika. Colas hakukosa kuuliza. "Umejuaje kama wataweza?" Niliuinua tu ule waraka, wino haujakauka. Akakuna kidevu. "Haya, liandike," akasema.

Walipotia sahihi nilihesabu. Majina thelathini na moja, misalaba tisa tu. Majina yale yote aliyafundisha kaka yako. Thévenard ilimbidi aupokee mbele ya watu, na waraka umekwenda mjini. Kama mfalme atausoma, sijui, na siwezi kusema najua. Lakini mimi nilikwenda makaburini siku ileile, nikamwambia Honorat kwamba alikosea. Walijifunza. Ni mara ya kwanza kunipa furaha kwa kukosea.

Msalimie sana Josephte, na watoto wote, na yule mdogo mliyempa jina la kaka yako. Colas anakusalimu, anauliza kama ni kweli mnatembea juu ya mito. Perrine naye anakusalimu. Mungu awalinde na baridi, awape mavuno na amani.

Honorat alikuwa akikutaja kila kengele ya jioni. Nitaendelea kukutaja kwa niaba yake. Mwanao atakapoanza kushika kalamu, umuulize lile swali, ndipo unikumbuke na mimi.

Ni mimi shemeji yako mwenye kukupenda,
Mathurine, mjane wa Honorat.